Kitufe cha Kijani
Sehemu ya tisa: Kikapu cha Mama

"Dada, usiguse hapo!"

Ndipo tulipoishia, nanyi mkamwandikia mhariri kunilalamikia kama vile nimekimbia na watoto wenu. Haya, nimerudi. Sindano aligeuka, kidole bado kiko juu ya kompyuta, akamwona mdogo wake wa mwisho amesimama mlangoni anahema. Ni yule wanayemwita Chaji, kwa sababu tangu apate simu hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kuuliza soketi iko wapi.

"Nisiguse nini?"

"Hapo palipoandikwa Sawa."

"Nimeshagusa. Kila nikigusa, jina langu linapotea. Wewe umejuaje?"

Kwa uliyekuwa safarini, nitakueleza upesi. Sindano ni fundi cherehani anayefundisha kushona kwa video. Duka moja la vyerehani lilimpa chumba cha nyuma, chenye mashine sita na dirisha zuri, na ndani ya chumba hicho amefundisha watu wasiohesabika kupachika zipu bila kulia. Patano lilikuwa moja tu. Mtazamaji akitaka cherehani, afuate linki ya Sindano, na mwisho wa linki pana neno "sindano" ili duka lijue nani kamleta mteja. Mradi wateja wanapita kwake, chumba ni chake.

Sasa hesabu za duka zinaonyesha sifuri. Meneja ameanza kumwambia kila mtu kwamba wafuasi wa Sindano ni wa kununua, kwamba ni mwongo wa mitandaoni kama waongo wengine. Leo, duka likifungwa saa kumi, anakuja kuchukua ufunguo.

Na leo hii hii Sindano amegundua. Alifuata linki yake mwenyewe kama mteja. Akachagua cherehani, akafika kwenye kulipia, na kile kitufe cha kijani, ambacho watu hujiwekea kwenye kompyuta kiwatafutie kuponi za punguzo, kikachomoza pembeni: Subiri, nakutafutia kuponi! Kikazunguka weee, kikasema hakuna kuponi, bei uliyopata ndiyo nzuri kuliko zote. Akabonyeza Sawa. Alipotazama juu kwenye anwani ya ukurasa, neno "sindano" halikuwepo. Pameandikwa "kijani".

"Nimekuuliza, Chaji. Umejuaje? Wewe si unafanya kazi kampuni ya matangazo?"

"Ni matangazo, kwa namna fulani."

"Namna gani?"

Chaji alitazama chini. "Kitufe ni chetu, Dada. Mimi ni mmoja wa wanaokitengeneza."

Mezani palikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa vizito. Sindano aliushika.

"Weka mkasi tuongee."

"Utaongea mkasi ukiwa hapa hapa. Watu wanakipata bure. Mnakula nini?"

"Kamisheni. Duka linamlipa aliyemleta mteja. Lakini mashine ya duka haina macho, Dada. Inamhesabu aliyeguswa mwisho. Wewe unamfundisha mtu, unamshawishi, unamfikisha mpaka kwenye kulipia. Kitufe kinatokea pale pale, kinamuuliza, unataka kuponi? Akibonyeza tu, hata kama kuponi haipo, inaandikwa kwamba kitufe ndicho kilichomleta."

"Yaani dalali. Dalali anakaa pembeni ya keshia, anamshika kila mteja bega, anasema huyu wangu."

"Hivyo hivyo."

"Na mimi niliyemtoa mteja kwao?"

"Kwenye hesabu hupo."

Sindano alikaa. Hapa ndipo panapouma, msomaji wangu, na mimi mwenyewe nimeandika sentensi hii nikiwa na hasira. Kitufe kile hakikuingia kwa wafuasi wake kwa dirisha. Aliwaingizia yeye. Chaji alikuwa hana kazi, kampuni iliyojiita ya matangazo ikamwambia akileta mtu maarufu wa kukitangaza ataajiriwa, naye akamwendea Mama, Mama akamwendea Sindano: "Msaidie mdogo wako, mwanangu. Liseme neno moja tu kwenye video yako."

Sindano si mtu wa neno moja. Alilifanya wimbo. Kila video ilimalizika kwa "Jamani, msinunue bila Kijani!" Nao wakamtii, maskini, kwa maelfu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe huyu alijishonea.

"Ulijua?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Uliponileta kwenye jambo hili, ulijua?"

"Sikujua. Nilijua baadaye. Halafu nikaogopa."

"Ukaja kula kwangu kila Jumapili huku umeogopa?"

Sindano akaigeukia kompyuta, akakitafuta kitufe kilipojificha, akabonyeza Futa, akabonyeza Ndiyo, nina hakika.

"Dada, usi..."

"Nimeshafuta. Kitoke chumbani kwangu!"

"Hicho ndicho kilikuwa ushahidi wako!" Chaji alishika kichwa. "Ulikuwa unakitumia muda mrefu, kilikuamini. Ungemwonyesha Meneja hapo hapo. Ukikiweka upya kitakuona mgeni."

"Basi utamweleza wewe kwa mdomo wako."

"Siwezi. Nimesaini kiapo cha siri. Nikisema, nimekwisha."

"Usiposema, nimekwisha mimi."

* * *

Mama aliingia bila kubisha, kama mama wote. Alikuwa na kikapu chake, na Mama na kikapu chake huwezi kuwatenganisha. Ndani mna mtandio, dawa ya kikohozi, na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na Chaji, ambayo haiachi nyumbani kwa sababu anaamini vibaka wa mtaani kwao wanaiwinda hiyo tu. Katika ukoo mzima hakuna mpenda kuponi kama huyu mama. Sufuria zake zote ni za kuponi. Hata mwavuli.

"Mbona mmenuna? Nimekuja kukusindikiza, mwanangu, usikabidhi ufunguo peke yako kama yatima."

Wakamweleza. Sindano alieleza kwa hasira, Chaji kwa aibu, na Mama akasikiliza ameshika ukingo wa meza.

"Kitufe changu?" alisema mwishoni. "Hiki kinachonipa pointi kila nikinunua?"

"Hicho hicho, Mama."

"Mwanangu si mwizi."

"Sijasema ni mwizi. Nimesema anafanya kazi kwa mwizi."

"Basi usilitaje jina lake mbele za watu." Mama alimsogelea Sindano hadi pua kwa pua. "Sema yote unayotaka kuhusu hicho kitufe. Lakini siku utakayomtaja huyu mtoto kwenye hizo video zako, huna mama. Umenisikia?"

Sindano alimsikia. Sote tulimsikia.

Kabla hajajibu, mlango wa upande wa dukani ulifunguliwa na Meneja akaingia, tai imelegea, karatasi kwapani. Saa kumi ilikuwa bado, lakini mtu anayekuja kuchukua huwa hachelewi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kumfukuza binti yangu?"

Meneja alikohoa. Si mtu mbaya, nawaambieni mapema msije mkamrushia mawe. Ni mtu anayeogopa makao makuu.

"Bwana Meneja," Sindano alisema, "nipe nafasi nikuonyeshe kitu kimoja. Ukishakiona, chukua ufunguo ukitaka. Wateja wangu wapo. Wananunua. Wanaibwa mlangoni kwako."

"Nionyeshe, lakini kwa kompyuta ya duka. Hiyo yako na huyu mtaalamu wako siiamini."

Wakaenda wote mbele, kwenye kaunta. Chaji alitembea wa mwisho, uso umemparama. Kitufe kikawekwa. Linki ya Sindano ikafunguliwa, na neno lake lilikuwepo pale juu, safi. Cherehani kikachaguliwa. Kitufe kikachomoza: Subiri, nakutafutia kuponi!

"Ona sasa," Sindano alisema. "Bonyeza Sawa."

Meneja akabonyeza.

Neno lilibaki pale pale. Sindano.

"Rudia," alisema Sindano.

Meneja akarudia. Sindano. Akarudia tena. Sindano. Muuzaji mmoja aliyekuwa anapanga bobini za uzi kwenye kabati la kioo alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Mtu mzima wewe, unakisingizia kitufe?" Meneja alikunja karatasi yake. "Naomba ufunguo."

Sindano alimgeukia mdogo wake. Alimtazama tu, vile alivyomtazama zamani alipokuwa akimfunga kamba za viatu, na Chaji akavunjika.

"Kinanusa," alisema.

"Nini?"

"Kitufe kinanusa, Bwana Meneja. Kikiona kompyuta ya dukani, au mtu mpya asiyewahi kununua chochote, kinahisi labda ni mkaguzi. Kinakaa na adabu. Kinaiba kwa wenyeji tu, waliokizoea, wenye pointi nyingi."

"Wewe unajuaje?"

Mama alikohoa kwa nguvu. Chaji akanyamaza.

Mwenyeji mwenye pointi nyingi. Sindano alitazama kikapu. Chaji alitazama kikapu. Mama akakisogeza nyuma ya sketi yake.

"Hapana."

"Mama, tafadhali."

"Hii si ya kuonyesha watu. Ina mambo yangu."

"Mambo gani, Mama? Sufuria?"

"Mambo ya mtu mzima."

"Mama." Sindano alipiga magoti pale pale dukani, mbele ya Meneja na mpanga bobini. Sioni haya kuwaambia kwamba alilia. "Wananiita mwongo. Kesho nikipita hapa nitakuwa mwongo aliyefukuzwa. Sijawahi kukuomba kitu tangu baba afariki. Nakuomba hiki."

Mama alishusha kikapu sakafuni, akavaa miwani yake. Kisha akaitoa kompyuta kama mtu anayetoa mtoto mgonjwa kwa daktari, akaifungua mwenyewe. Kitufe kilimpokea kwa shangwe: Karibu tena! Vile unavyonunua kila wiki vimeshuka bei!

Akaifunika skrini kwa kiganja. "Nendeni kwenye cherehani. Haraka."

Hakuna aliyeuliza ni vitu gani. Kila jicho lilikuwa kwenye anwani. Linki. Neno "sindano" juu. Cherehani. Kulipia. Subiri, nakutafutia kuponi! Hakuna kuponi, tayari una bei nzuri kuliko zote.

Meneja akabonyeza Sawa.

Kijani.

Akarudia mwenyewe bila kuambiwa. Kijani. Mpanga bobini aliacha bobini zake akaja kusimama nyuma yao. Kijani.

"Umeona?" Sindano alinong'ona. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

"Kwa hiyo chumba ni changu."

Meneja alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Hapo ndipo moyo wa Sindano ulipoanza kushuka, maana mtu mwenye habari njema hafuti miwani.

"Dada yangu, duka linalipa kamisheni kwa mauzo. Likikulipa wewe, limelipa. Likilipa kitufe, limelipa. Kwa makao makuu ni hela ile ile. Nikiwapelekea hadithi hii wataniuliza, wewe umepoteza nini?"

"Lakini ni wizi!"

"Huenda. Ila tuna mkataba nao."

"Na huo mkataba una kipengele kingine," Chaji alidakia kabla Mama hajamzuia. "Ile kuponi kubwa mnayoitangaza redioni, mbona kitufe hakimwonyeshi mtu? Kimesema hapa hakuna kuponi. Mnachagua nyinyi zipi zionekane. Mteja anaambiwa amepata bei nzuri kuliko zote, anaacha kutafuta."

Mpanga bobini alirudi kwenye bobini zake upesi sana.

"Ufunguo," alisema Meneja bila kumtazama mtu.

* * *

Sindano aliomba jambo moja tu: awaage wafuasi wake, kama mtu yeyote mstaarabu anayehama. Meneja akakubali. Alidhani atapunga mkono na kulia kidogo. Hamjui huyu mwanamke.

Alirudi chumbani, akaweka simu kwenye kishikio chake, akawasha laivu, akakaa nyuma ya mashine aliyoizoea. Watu walianza kuingia, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa makundi. Salamu zikamiminika. Fundi wetu! Mwalimu! Leo tunashona nini?

"Leo hatushoni," alisema. "Leo naomba radhi. Mimi ndiye niliyewaambia msinunue bila Kijani. Leo nawaambia kitoeni."

Akawaeleza yote, kuhusu dalali wa pembeni ya keshia, kuponi isiyokuwepo, na ile kubwa iliyofichwa. Alieleza vizuri kama anavyoeleza kola, hatua kwa hatua. Meneja alisimama nyuma ya simu, rangi imemtoka, lakini hakuthubutu kuingia kwenye picha.

Majibu yakaanza. Asante Fundi, nimekifuta sasa hivi. Mungu akubariki. Kisha yakabadilika.

Mbona mimi nimepata punguzo mara nyingi? Wivu huo.

Jana ulikisifu, leo unakiponda. Umehongwa na nani?

Ushahidi uko wapi? Nani kakwambia? Mtaje!

"Nimeambiwa na mtu anayekijua kwa ndani," Sindano alisema.

Mtaje! Mtaje! Yakapanda mfululizo, mtaje, mtaje, mtaje.

Alimtazama Mama. Mama alitikisa kichwa, hapana.

"Siwezi kumtaja," alisema Sindano.

Basi wewe ni mwongo tu. Ndiyo maana wanakufukuza. Wafuasi wenyewe wa kununua! Neno lile lile la Meneja, sasa limeandikwa na watu aliowafundisha kushika sindano. Alijaribu kuendelea kusoma, akafunika uso kwa futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake.

Hapo Mama alifanya jambo ambalo mimi, niliyemwandika tangu sehemu ya kwanza, sikulitarajia. Alimgeukia Chaji.

"Inuka."

"Mama, si ulisema..."

"Nimesema nini? Nimesema dada yako asikutaje. Sijasema wewe usijitaje. Nenda ukakae pale, mwanaume wewe. Wanamla mwanangu mzima mzima huku unatazama."

Chaji alivuta stuli. Akaingia kwenye picha, akakaa kando ya dada yake, akatoa kitambulisho cha kazi mfukoni na kukiweka mezani chini ya kamera, pale pale dada yake anapoonyesha tundu la sindano.

"Mimi," alisema. "Mimi ni mdogo wake, na nafanya kazi Kijani. Anayosema yote ni kweli. Mama yetu alimwomba akitangaze ili mimi nipate kazi."

Majibu yalisimama. Sindano alishusha futi usoni. Kwa mara ya kwanza siku ile alivuta pumzi hadi chini.

"Na hiyo ya kamisheni ni ndogo," Chaji aliendelea, sauti ikipata nguvu. "Kubwa ni nyingine. Kile kitufe hakiwatazami mnapolipia tu. Kinawatazama mkitafuta, mkilinganisha, mkiacha. Kila duka, kila..."

Simu yake ilitetemeka mezani, juu ya kitambulisho. Aliitupia jicho. Akaacha kusema.

Sindano aliinama akasoma pamoja naye. Ujumbe ulitoka kwa bosi wake.

Tunakuona. Toka hapo. Kabla hujafungua mdomo tena, muulize mama yako kila wiki anaagiza dawa gani kwenye lile duka la dawa la mtandaoni, na kwa nini hajawaambia. Sisi tunajua tangu mwaka jana.

Chaji aliinua uso polepole. Aliisahau kamera, akawasahau watu wote wale waliokuwa wakimsubiri, akamtazama Mama nyuma ya simu.

"Mama," alisema, na kila mtu akasikia. "Unaumwa?"

Sindano naye aliinua uso. Mama alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vyerehani, kikapu mapajani, anapekua ndani kwa mikono yote miwili, anatafuta miwani yake, na miwani alikuwa ameivaa.